Chupa Iliyorudi Tupu

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili katika kemia ulihusu mursik, maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Kila wiki nilitoka maabara nikaenda kwa mama mmoja mkulima hapo Kesses, anijazie chupa yangu ya sampuli. Asidi zake zote nilizijua kwa majina. Kuyanywa sasa, hapana. Ule weusi wa mkaa ulinishinda.

Mama alinicheka. "Unapima maziwa kama ni mgonjwa! Si unywe tu?"

Kisha ukaja uchaguzi na fujo zake. Wazazi wangu walihamia Cheptiret kutoka Mkoa wa Kati kabla sijazaliwa, wakafungua duka. Duka lilichomwa, pamoja na nyumba yetu iliyokuwa nyuma yake. Tukaishia kambini Eldoret, chini ya turubai.

Chuo kilipofunguliwa tena, nilikuta umeme ulikuwa umepotea na sampuli zangu zimeharibikia kwenye friji. Msimamizi wangu alisema kwa upole kwamba nipate nyingine kutoka kibuyu kilekile, la sivyo nianze upya.

Mama yangu mzazi hakutaka hata kusikia nikirudi kwa yule mama wa Kesses. "Watu wa kabila lake ndio walituchomea," alisema. Nilimkasirikia, kwa sababu hofu yake ilikuwa yangu pia. Kufukuzwa ningevumilia. Nilichoogopa ni yule mama kunitazama kama mtu asiyenijua. Nilikuwa nampenda, na sikuwa nimelijua hilo mpaka hapo.

Nilipiga hodi chupa ikiwa mkononi, aone nimeletwa na kazi tu.

Alisimama mlangoni, akanishika mashavu. "Umekonda hivi? Na wazazi?"

"Wako hai, Mama. Nyumba ndiyo hatuna."

Aliingia ndani, akatoka na kibuyu, akakitikisa, akamimina kwenye kikombe kikubwa. Nikamnyooshea chupa.

"Weka hiyo chini. Leo si ya kupima. Hii tunapatianga mtu amerudi nyumbani."

Nikanywa. Yalikuwa machachu, yananukia moshi, na chembe za mkaa zikanibaki mdomoni. Nililia bila aibu, naye akasimama kando yangu mpaka nikamaliza, kisha akajaza tena.

Msimamizi wangu alipoiona chupa tupu alishtuka. "Alikataa?"

"Hapana," nikasema. "Nilikunywa."