Nafasi ya Saksafoni

Mimi si mtu wa kununa. Nyumbani Kilangala mama hunitania kwamba hata nikifiwa nitacheka kwanza ndipo nilie. Kwa hiyo nikisema nina hasira, naomba mnielewe. Imenikaa kifuani tangu siku ya tamasha, na mahindi yaliyopandwa wiki ile sasa yamefika kiunoni.

Napiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ya jazz hapa Lindi. Shule niliishia kidato cha pili. Mchana natoa fotokopi dukani kwa watu, jioni naenda mazoezini, na katikati ya hayo mawili naota tu, maana kuota hakuna ada. Kiongozi wetu ni mzee mpuliza saksafoni aliyeanza kupanda jukwaani kabla mama yangu hajazaliwa. Namwita babu, na yeye, kwa utani wa mababu wa kwetu, ananiita mke wake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Umenipikia, au umekuja na gitaa tupu?"

Kamati ya tamasha ilipomfuata atunge wimbo mpya wa kuadhimisha miaka ya tamasha, kisa alikuwa nacho tayari. Mwaka wa kwanza wa tamasha hilo, mama mmoja alitoka milima ya Kipatimu na kuku wawili kwenye tenga. Lori likakwama njiani siku nzima. Akafika mjini watu wanakunja maturubai, akauliza, "Ndiyo basi?" Bendi ilikuwa imeshafunga vyombo. Babu akafungua tena kasha, akampulizia yule mama peke yake, tenga likiwa bado kichwani. Huo ndio ukawa wimbo.

Babu hatungi kwenye karatasi. Kila mmoja wetu yeye humwimbia sehemu yake kwa mdomo, na huruhusiwi kugusa nyuzi mpaka umrudishie kwa mdomo vilevile. Saksafoni anaiweka mwisho kabisa, siku mbili tatu kabla ya onyesho. Mazoezi yote hayo inalala kwenye kasha. "Chumvi haitiwi kwenye sufuria tupu," anasema. Sisi tunamwachia nafasi. Katika wimbo huu nafasi yake ilikuja pale mwimbaji anapouliza, "Ndiyo basi?" Hapo tulizungusha mdundo uleule mara nane bila mtu kuongeza hata kidoa, tukimsubiri.

Sasa kosa langu. Katibu wa kamati aliniandikia kwenye simu: "Dada, nirushie kidogo na sisi tusikie mnachopika." Mimi na moyo wangu huu! Nilifurahi kama nimeitwa redioni. Siku hiyohiyo, kwenye ghala la zamani la korosho kule Mitwero tunakofanyia mazoezi, nikaweka simu juu ya amplifaya, nikarekodi wimbo mzima, nikamrushia pamoja na vikopakopa vyekundu. Babu sikumwambia. Nilitaka sifa zimfikie kwanza kutoka kwao.

Saksafoni ilipoingia, siku tatu kabla ya tamasha, mpiga tumba alijifuta macho kwa shati.

"Vumbi la korosho hili," akasema.

"Korosho ziliondoka humu hujaoa," babu akamjibu.

Siku yenyewe mgeni rasmi alichelewa. Jua limesimama utosini, watoto wa shule wanaanguka kwenye gwaride, na ratiba yote imekorogeka. Tulikuwa nyuma ya jukwaa tunakaza nyuzi, katibu akaja mbio na kadi yake shingoni.

"Wazee, hakuna kuchomeka vyombo. Mtakula nusu saa bure. Pandeni, shikeni vyombo, mziki utatoka kwenye spika."

"Mziki gani?" babu akauliza.

"Wenu huohuo! Tunao kwenye flashi. Huyu dada alinirushia."

Wote wakageuka kunitazama. Natamani hata leo mtu angenizaba kofi pale. Babu akamgeukia katibu kwa upole ambao mimi nisingekuwa nao.

"Mwanangu, ule wa mazoezi mimi simo."

"Mzee, nani atajua? Wewe weka mdomoni, chezesha vidole. Watu wanataka picha."

"Hiyo sehemu yangu ndiyo jibu la wimbo."

"Basi puliza hivyohivyo juu yake!"

Babu akazitazama zile spika, zimepangwa kama ukuta wa bandari. "Nipulize filimbi mbele ya mashine ya kukoboa?"

Katibu alikuwa ameshaondoka. Nilimkimbilia, nikamshika mkono wa shati, nikamwambia kwa sauti ambayo sikujua ninayo kwamba ule si wimbo, ni nusu. Akajitoa. "Dada, acha kuleta drama, mgeni huyo anashuka kwenye gari." Tukapanda, kwa sababu jina la bendi lilishatangazwa na babu hajawahi kumkimbia msikilizaji.

Ukatoka mziki wa simu yangu, unakwaruza, kikohozi cha mpiga besi ndani yake. Nilishika gitaa na sikugusa uzi. Mwimbaji wetu alifunga mdomo huku sauti yake ikiimba hewani. "Ndiyo basi?" ikauliza spika. Kisha ile mizunguko minane, mitupu. Babu amesimama mbele, saksafoni imening'inia shingoni, mikono nyuma kama mtu aliyefika msibani. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Watu wakaanza kutazamana. Kwenye wa tano mshereheshaji akadaka maiki: "Mzee wetu pumzi imekata! Umri jamani! Tumpigie makofi!"

Wakapiga. Wakampigia makofi ya huruma mtu ambaye pumzi yake ingetosha kuwapuliza wote mpaka Kilwa.

Kilichonichoma zaidi kilikuja baadaye. Rekodi ile ilisambaa. Bodaboda wanaipiga, duka la simu wanaipiga, na watu wanamsimamisha babu barabarani: "Mzee, wimbo mtamu! Pole lakini, kifua kinaendeleaje?" Yeye anajibu hakijambo.

Nilikwenda kwake kuomba radhi, nikalia kabla ya hodi. Akasema, "Wewe uliurusha kwa sababu uliupenda. Nyamaza." Hasira juu yangu mwenyewe imepoa nusu. Juu ya katibu bado nzima.

Mazoezi yaliyofuata, hata hatujachomeka, babu alikuwa ameshatoa saksafoni kwenye kasha.

"Kuanzia leo naanza mimi," akasema.

"Na chumvi, kiongozi?" mpiga tumba akauliza.

"Mtakunywa maji ya chumvi."

Hakuna aliyecheka vizuri. Mtu wa umri ule, kubadili namna yake ya kupika kwa ajili ya kidole changu kwenye simu! Tukapiga wimbo wote, na "Ndiyo basi?" ilipoulizwa, saksafoni ikajibu mizunguko yote minane. Nilichapa ridhimu mpaka uzi ukakatika.

"Taratibu, mke wangu, gitaa halina kosa. Simu yako ilikuwa inarekodi?"

"Ndiyo, babu."

"Mrushie katibu."

Nikamrushia, bila kopa hata moja. Zile alama mbili zimeshageuka buluu. Hajajibu.