Kura Tatu za Baba Mdogo

Juzi, nilipowaona wajukuu wangu wakitoka kupiga kura Ushirombo, nilimkumbuka Baba, katekista, na harufu ya sabuni shatini mwake siku ya uchaguzi. Wakati ule wa ukoloni, uhuru ukikaribia, kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mhindi. Ukimwacha mmoja, kura yako iliharibika.

"Nampa wetu tu!" alifoka Baba Mdogo, karani wa pamba.

"Basi wetu umemtupa," Baba alimjibu. "Wape wote watatu, mdogo wangu."

Mimi, mtoto mdogo, nilidhani wote watatu wangehamia kwetu, nikafagia uwanja.

Baadaye vigelegele vilisikika barabarani: mtu wetu ameshinda! Baba Mdogo akambeba Baba mgongoni.

"Niliwapa wote, kaka! Mkono uliuma, lakini niliwapa!"

Baba, akiwa huko huko juu, akaanzisha wimbo wa shukrani, nasi tukaitikia.