Myunani Wangu na Fundi wa Doornfontein

Kijitabu kile nilikiokota kwenye meza ya vitu kuukuu kanisani, kwa kuwa kilikuwa chembamba, na mimi wakati huo nilitaka kuwa mwembamba. Kilikuwa na mafundisho ya mwanafalsafa mmoja wa Kiyunani wa kale, mzee aliyekaa na marafiki zake bustanini. Nilipofungua tu nikasoma kwamba mkate na maji vilimtosha, na siku akitaka karamu aliomba kijungu cha jibini. Nikasema, huyu ndiye daktari wangu.

Basi nikaanza kula Kiyunani. Nikitoka kazini benki naketi kwenye meza yangu ya viti sita hapa Randburg, Johannesburg, peke yangu, na mkate, jibini na zeituni. Zeituni ni chungu, zina chumvi, na anayezisifu ana lake jambo. Nilikasirika mpaka nikamgombeza marehemu wa watu. Mtu mzima na akili zake anaitaje hii raha?

Nikaendelea kusoma, nia yangu nimkosoe vizuri. Mbele kidogo mzee anashauri utafute kwanza wa kula naye, ndipo utafute chakula. Kula peke yako ni maisha ya simba na mbwa mwitu. Nikavitazama vile viti vitano vitupu. Upweke ulinishika, nasema wazi, nikaufunika mkate.

Wa kula naye nilikuwa naye zamani. Nilipokuwa mwanafunzi Doornfontein, karibu na katikati ya jiji, nilitumia jiko moja na fundi cherehani kutoka Lubumbashi, na chakula chetu kilikuwa sufuria moja. Tangu nihamie huku tumebaki watu wa simu. Namwambia, "Uje siku moja, tutafutane." Naye anajibu, "Sawa, dada." Sisi Wakenya tuna kipaji hicho cha kukaribishana kwa moyo wote bila kutaja siku. Mwisho hata simu zikakauka. Niliogopa kwamba nimempoteza, na rafiki mwingine wa namna ile sina.

Jumamosi nikafunga mkate wangu, jibini na zeituni, nikaenda kwake Doornfontein bila kumwarifu.

Nilimkuta amezama katika nguo za harusi. Alinitazama juu ya miwani, hakutabasamu.

"Weye? Mi nilizani ulishanisahau."

"Nimekuja tule," nikasema, nikamweleza habari za mzee wangu.

Akatia zeituni moja mdomoni. Uso ukakunjamana wote. "Eish! Huyu papa wako wa Kiyunani hakukuwa na rafiki wa kumwambia kweli?"

Tulicheka mpaka kopo la pini likaanguka. Akasogeza vitambaa, akaleta bukari, ndiyo ugali wao, na sombe ya moto, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Mkate wa Myunani ukawekwa kando, ingawa jibini aliirudia.

"Mbona hukuja kwangu hata mara moja?" nikamuuliza.

"Ulisemaka siku moja. Dada, hapa nguo ikikosa siku ya kuchukuliwa, mi siishonake. Inakaa tu kule." Akaonyesha rundo chini ya meza. "Nilikuwa nangojea utaje siku."

Nikamega tonge jingine.

Wakati wa kuondoka, mlangoni, mdomo wangu ukaanza wenyewe: "Haya basi, tutafu..."

"Taja siku," akasema, mkasi bado mkononi.

"Jumapili ijayo. Ukitoka kanisani."

Akakata kipande cha kitambaa cheusi, akaandika "Jumapili" kwa chaki, akakibana kifuani pangu kwa pini, kama anavyofanya kwa nguo za wateja wake. Nikaendesha gari nacho. Kwenye robot, ndivyo zinavyoitwa taa za barabarani huku, karibu na kwangu, nyekundu ikiwaka, dereva wa gari la pembeni akanionyesha kwa kidole kwamba nina kitu kwenye sweta. Nikateremsha kioo nikamwambia, "Najua. Nina mgeni Jumapili."