Nilikata Leso ya Rafiki Yangu Nikaifanya Bahari

Wenzangu, mimi ni mwizi. Neno hilo sijawahi kulitamka hata mbele ya mume wangu, kwa hivyo mnivumilie.

Ilikuwa miaka ya sabini. Kikundi chetu cha kina mama wa Gatitu kiliambiwa kipeleke kazi ya mikono kwa maonyesho ya Nyeri. Rafiki yangu Mama Zuhura, mtu wa Lamu aliyepanga chumba mtaani Majengo, akasema tutengeneze bahari kwa takataka, ati watoto wetu wajue huko kwao kuna miti inasimama majini na samaki wanazaana mizizini. Bahari! Sisi ambao hatujawahi kuiona! Alipotuambia tuanze na kamba, mimi nikakaa chini nikasokota katani. Kumbe kwao kamba ni mdudu wa baharini, tena wa kuliwa! Tulicheka mpaka machozi.

Kobe wa baharini tukamfanya kwa karai kuukuu, samaki kwa makopo, ile miti kwa waya na gunia. Yakabaki maji. Siku moja Mama Zuhura akanituma chumbani kwake nilete visoda, vile vifuniko vya chupa. Nikafungua sanduku. Nani alinituma huko? Nikaona leso mbili za buluu, zile kanga za pwani, sawasawa kabisa. Nikajiambia, ati mbili za nini? Si moja ni ya ziada! Nikaibeba, nikakata maandishi yake nikatupa, nikashona mawimbi.

Siku ya maonyesho Mama Zuhura akayashika yale mawimbi, akanitazama. "Dada, hii si leso ya marehemu mama?"

Ningesema pole tu, jamani! Lakini jaji alikuwa hapo, na wale wanawake wa Karatina tulioshindana nao walikuwa wametega masikio. Nikasema, "Wacha maneno. Hii nilinunua sokoni."

Akaenda zake. Tukatangazwa washindi, nikapigiwa makofi, nami nikacheka! Aibu gani hii!

Kabla watu hawajatawanyika akarudi na leso ile nyingine. Akaitandaza kando ya mawimbi yangu. Maua yale yale. Kila mtu akaona, jaji pia.

"Leso huvaliwa mbili," akasema polepole. "Moja kiunoni, moja kichwani. Basi chukua na hii."

Mpaka aliporudi kwao Lamu hakuniita dada tena. Nyinyi mnaosoma, ukiona mwenzako ana viwili, usimhesabie ziada. Muulize. Na akikuuliza wewe, sema ukweli papo hapo, hata kama jaji anasikiliza.