Swali la Kumi na Moja

Kabla ya kuajiriwa kwenye utafiti ule wa tumbo, nilikuwa nimeshaufanya peke yangu miaka tisa. Nilijua choo safi cha kila mji kutoka Kerugoya hadi Naro Moru, na hoteli ambazo lazima ununue chai kwanza ndipo upewe ufunguo. Tumbo langu lilikuwa likifunga siku tatu, kisha likifunguka asubuhi ya mtihani. Daktari mkuu wa utafiti alipotueleza sisi tulioajiriwa kwamba anatafuta watu wa namna hiyo, wenye tumbo linalouma na kujaa gesi bila kidonda wala uvimbe, nilicheka kimyakimya pale nyuma nilipokaa.

Kazi yangu ilikuwa kuwatembelea wagonjwa majumbani na fomu ya maswali ishirini. Swali la kumi na moja liliuliza kama mtu ameona damu akienda choo kikubwa. Aliyejibu ndiyo aliondolewa kwenye utafiti na kupelekwa hospitalini wiki hiyohiyo, akaangaliwe utumbo kwa kamera. Damu haitokani na tumbo la aina yetu sisi. Inaweza kuwa saratani.

Mwezi wa nne nilifika kwa mkulima mmoja wa majani chai karibu na Kiriaini, mwanamume wa miaka sitini na kitu. Mimi ni binti wa Kiislamu wa mjini Nyeri, na Kikuyu changu ni cha kununulia viazi, kwa hivyo tuliongea Kiswahili. Mkewe alituletea chai. Mzee akaniita mwanangu, nami nikamwita baba, na papo hapo mambo yakaharibika. Baba wa huku haongei habari za choo na binti yake. Nami nimelelewa hivyohivyo, kwa hivyo nilipofika swali la kumi na moja nililivika nguo.

"Na huko kwingine kuko sawa, baba?"

"Kuko sawa."

Nikaweka alama kwenye hapana, nikamaliza chai.

Niliporudi mwezi wa saba alikuwa ametoboa mkanda wake tundu jipya kwa msumari, na ncha yake ilining'inia karibu na goti. Alisema ni kazi nyingi shambani. Nilimfuata mkewe jikoni kumsalimia, naye akanichekea.

"Huyu mzee amebadilika. Ati siku hizi anajifulia nguo za ndani yeye mwenyewe. Tangu tuoane hajawahi shika karai."

Sikucheka. Nilifungua mkoba nikaitoa fomu ya kwanza, na hapana yangu ilikuwa pale, kwa kalamu yangu. Kisha nikatoka nikamkuta mzee amekaa uani.

"Baba, umeona damu ukienda choo?"

"Ati nini?"

"Damu, baba."

Aliinama akafuta tope kwenye gambuti zake. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia chai yao na lile neno baba, na zaidi ya yote nilijikasirikia mimi. Kumtikisa sikuweza. Nilichukua kigoda changu, nikakigeuza, nikakaa nimempa mgongo, macho kwenye majani chai.

"Sikuoni sasa," nikamwambia. "Jibu tu."

Nilingoja. Nikasikia kiti chake kikiburutwa, naye pia akageuka.

"Niko nayo," akasema nyuma yangu.

"Tangu lini?"

"Hata kabla ukuje hiyo siku ya kwanza."

Nikaandika ndiyo kwenye fomu mpya. Wiki hiyo nilimpeleka hospitalini mimi mwenyewe, na kamera ikaonyesha uvimbe.

Daktari wa upasuaji alituita ofisini. Aliuliza damu ilianza lini. Fomu zote mbili zilikuwa mapajani mwangu. Mzee aliniangalia usoni, kisha akamgeukia daktari.

"Ni wiki iliyopita tu. Huyu mtoto aliniuliza vizuri kila mara."

Alikuwa akinikinga. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua, na daktari angempasua akidhani ugonjwa una wiki moja. Nilitaka kunyamaza. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

"Si hivyo, daktari," nikasema. "Ilianza kabla ya mwezi wa nne. Mimi ndiye sikumuuliza."

Daktari alikata alichoandika, akaandika upya. Mzee aliinamisha kichwa na kuushika mkanda wake, kama baba aliyeaibishwa na bintiye mbele ya wageni.

Alipasuliwa, na yuko hai. Nikimpigia simu kumjulia hali, hujibu kila ninachouliza, hata lile la kumi na moja, bila kusita. Na huniita madam.