Makubazi Yaliyokataliwa

Mtu akirudi kutoka nje baada ya miaka mingi, watu humtazama mizigo kwanza, uso baadaye. Huyu wa kwetu alirudi na masanduku mawili na koti zito ambalo hakulihitaji tena, na mtaa ukampa jina siku ile ile: Ng'ambo. Jina likamganda. Hata baba yake mzazi, aliyempa lile jina la kwanza, alijikuta mara moja mbili akiita, "Ng'ambo, niletee maji," kisha akacheka peke yake.

Watu walikuwa wameshampangia maisha. Shangazi yake, muuza mitumba, mama mwenye ulimi mwepesi na moyo mweupe, alisema afungue duka la vipodozi. Kinyozi wa jirani alisema anunue gari la kukodisha. Wengine walisema aolewe, maana hao hawakosekani popote. Yeye akapata kazi ya kutunza ghala la duka la vifaa vya umeme, na jioni akawa anapanda ngazi za chuo kimoja kilichokuwa juu ya duka la dawa, kusoma biashara ya kimataifa. Hapo mtaa ulikosa la kusema kwa kama nusu siku. Halafu ukalipata.

"Umekaa huko kwenye hiyo kimataifa mpaka ukachoka mwenyewe," shangazi alimwambia, huku anakung'uta shati la mtu asiyemjua. "Sasa unarudi kuisoma ubaoni?"

"Elimu haina mwisho, shangazi."

"Haina, lakini wewe unao. Umri unakwenda."

"Shangazi, niache basi."

"Nikuache nimpate wapi mwingine wa kumsema?"

Kila aliyeuliza alipewa jibu lake. Bosi wa ghala aliambiwa ni kwa ajili ya kupanda cheo. Wanafunzi wenzake, wengi wao wadogo kwake, waliambiwa habari za masoko. Hakuna alichodanganya, ila hakuna aliyeambiwa lenyewe. Lenyewe lilikuwa karakana kwa baba yake, na lilimkaa rohoni kila alipopita pale mlangoni.

Baba yake alikuwa fundi viatu. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa barabarani: benchi, cherehani ya ngozi, nyundo, makopo ya gundi, na visu vilivyonolewa mpaka vikawa vyembamba. Kazi yake kubwa ilikuwa makubazi, vile viatu vya wazi vya ngozi. Mteja akifika alivua alivyovaa, akasimama juu ya kipande cha boksi, na mzee akauzungushia penseli mguu mmoja, kisha wa pili. Hakupima mmoja akakisia mwingine, hata siku moja. Watu walisema ukivaa makubazi ya mzee unasahau kama umevaa kitu.

Lakini hayo yalikuwa ya zamani. Siku hizi alishona viraka tu: soli, vifungo, kamba za mikoba. Ngozi nzima zilisimama kwenye kona zikiwa zimekunjwa, zimekula vumbi. Mteja akija na kazi mpya, mzee alimjibu kwa upole, "Macho hayaruhusu tena, mwanangu." Kisha akachukua uzi akaupenyeza kwenye tundu la sindano mara moja tu, bila kukodoa macho. Ng'ambo aliliona hilo wiki ya kwanza aliyorudi, na lilimuuma, kwa sababu alijua nani aliyemletea baba yake balaa.

Mambo yalikuwa hivi. Huko nje Ng'ambo alifanya kazi kwenye duka la viatu na mikoba, chumba cha nyuma, kufungua maboksi na kubandika bei. Msimu mmoja wa joto aliingia kazini na makubazi aliyotumiwa na baba yake. Mwenye duka, mama asiye na maneno mengi lakini mwenye macho ya kila mahali, akamwambia avue kimoja. Akakigeuza, akakikunja, akakinusa. Akauliza kama huyo fundi anaweza kushona mengi, saizi zote, yawe kama hayo. Ng'ambo nusura apae. Makubazi yale yale ya miguuni mwake akayafunga, akayatuma nyumbani yawe sampuli, na siku yalipofika akapiga simu wakati wa mapumziko.

"Hivi hivi, baba," alisema. "Usibadilishe hata uzi. Hawa wakitaka kitu wanataka kile kile."

Mzee alitaka kuuliza jambo. Ng'ambo akasema tena hivi hivi, akakata simu, maana muda wake ulikuwa umekwisha na msimamizi alishaanza kumtazama.

Mzigo ukafika. Aliufungua kwa mikono yake, na harufu ya karakana ikatoka pale katikati ya nchi ya watu. Alifurahi mpaka akaona haya. Wenzake wakaja kushika, wakasifu, makubazi yakapangwa mbele dukani. Haikupita muda yakaanza kurudi. Mteja wa kwanza alisema kiatu cha kushoto kinapwaya. Wa pili akasema hilo hilo. Mwenye duka akachukua jozi moja akaziweka soli uso kwa uso, cha kushoto kikazidi upana wa kidole. Akachukua nyingine, na nyingine. Zote ziko vile vile.

"Hizi si jozi," alisema, wala hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Kuyarudisha kulikuwa na gharama kubwa kuliko makubazi yenyewe, basi yakaamriwa yatupwe kwenye mashine ya taka. Aliyesukuma toroli ni Ng'ambo, ndiyo kazi yake. Alilia mle chumba cha taka, akajifuta kwa mkono wa sare, akarudi kubandika bei. Jioni akampigia baba yake.

"Baba, wameyakataa. Ya kushoto yamezidi."

"Sawa, mwanangu," mzee akasema. "Mkono umeteleza."

Basi. Tangu siku ile mzee hakukata tena ngozi mpya. Shangazi, bila nia mbaya, alimnong'oneza mtu mmoja, na shangazi akimnong'oneza mtu mmoja ujue mtaa mzima umesikia. Ikawa ndio habari: mzee fundi macho yamekwisha, amewapelekea Wazungu viatu vya kushoto vikubwa kuliko vya kulia. Watoto walicheka, wakubwa wakasikitika, na kusikitikiwa kunauma zaidi.

Ng'ambo aliamini kama walivyoamini wote. Ila kuna jambo lilimkera miaka ile yote iliyofuata akiwa bado kule. Mkono ukiteleza, huteleza huku na kule. Huu uliteleza upande ule ule, kwa kipimo kile kile, kila jozi. Tena aliona mizigo ya mafundi wengine wadogo wadogo, wa nchi nyingine za mbali, ikiingia dukani, inauzwa, na mwaka unaofuata inakuja tena. Hao walikuwa wanajua kitu ambacho yeye na baba yake hawakukijua. Alitaka akijue. Na alitaka akijue mapema, baba yake akiwa bado na nguvu za kushika kisu, ili yale makubazi yasije yakawa kazi yake ya mwisho duniani. Hiyo ndiyo sababu iliyompandisha ngazi za chuo, hakuna nyingine.

Mwalimu wao alikuwa mtu mfupi aliyewahi kuwa wakala wa forodha, na alizungumza habari za mizigo kama mtu anayewasema jirani zake. Jioni moja akafika kwenye sampuli.

"Mnunuzi akishaikubali sampuli," alisema, "kazi ya mtengenezaji ni kuifuata. Sampuli ikiwa na kasoro, kasoro ni ya aliyeileta."

Ng'ambo akanyoosha mkono. "Na fundi akiiona hiyo kasoro?"

"Anauliza."

"Akiuliza akajibiwa afuate vile vile?"

"Basi anafuata vile vile. Hana kosa."

"Lawama inakuwa ya nani?"

"Ya aliyemjibu," mwalimu alisema. "Mama, mbona unanihoji kama uko mahakamani?"

Darasa likacheka. Ng'ambo hakucheka. Kalamu ilikuwa mkononi na hakuandika neno lingine mpaka walipotoka.

Siku ya mapumziko alikwenda karakana asubuhi. Mzee alikuwa anabandika soli ya kiatu cha shule. Shangazi alikuwa nje, kwenye benchi la kinyozi, anakunywa chai na kumweleza kinyozi namna ya kunyoa.

"Baba, ile sampuli niliyokutumia bado unayo?"

"Ya nini?"

"Nataka kuiona."

Mzee alimtazama, akainama chini ya benchi, akatoa furushi la kitambaa. Ng'ambo akayatoa makubazi, akaweka soli uso kwa uso kama alivyofanya yule mwenye duka. Cha kushoto kilizidi upana wa kidole.

Akakaa kwenye kigoda, akavua viatu vyake vya dukani, akayavaa. Yalimkaa kama yameshonwa jana. Akaitazama miguu yake iliyopangana sakafuni, miguu aliyozaliwa nayo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaona kwamba hailingani. Kule nje kila kiatu alichonunua kilimbana kushoto, naye miaka yote aliwalaumu wenye viwanda kwamba hawajui kazi.

"Baba, mguu wangu wa kushoto ni mkubwa."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposimama. Bibi yako alikuwa hivyo hivyo." Mzee aliendelea kupaka gundi. "Ulivaa vya kwangu mpaka unaondoka. Ungejulia wapi?"

"Kwa hiyo ulipopata sampuli ulijua."

"Nilitaka kukuuliza, ukasema hivi hivi. Nikasema labda huko ndivyo wanavyopenda. Wana mambo yao wale."

Ng'ambo alicheka na machozi yakamtoka pamoja. "Sasa ukaniambia mkono umeteleza. Watu wamekufanya kipofu, baba. Mbona hukusema kosa ni la sampuli?"

Mzee aliweka brashi chini. "Ningesema hivyo, kungeulizwa sampuli ya nani. Ulikuwa peke yako kwa watu, na mkate wako uko mkononi mwa yule mama. Mimi hapa wakinisema, jioni nafunga mlango nakwenda kulala kwangu. Wewe wangekufukuza ungelala wapi?"

Ng'ambo alikuja pale kama msomi, amebeba somo la kumpa baba yake, na sasa alijiona mdogo, na alijiona amependwa kupita alivyojua, na hayo mawili yalimjia kwa pamoja mpaka akashindwa kukaa. Akasimama, akatoka nje na yale makubazi miguuni, mpaka kwenye benchi la kinyozi.

"Shangazi, nisikilize," alisema. "Yale makubazi yaliyokataliwa, baba aliyashona kama nilivyomwagiza. Nilimtumia sampuli ya mguu wangu, na mguu wangu mmoja ni mkubwa. Kosa lilikuwa langu. Macho yake ni mazima."

Kinyozi alisimamisha mashine. Mteja aliyenyolewa nusu kichwa akageuka kusikiliza. Shangazi aliweka kikombe chini taratibu.

"Kumbe," alisema. "Na mimi nikamtangaza kaka yangu mtaa mzima." Uso ulimshuka kweli kweli. "Hebu niuone huo mguu."

Aliuona, akatikisa kichwa. "Wa mama huo. Haya, niachie mimi. Maneno nilivyoyapeleka ndivyo nitakavyoyarudisha." Akajifunga kanga vizuri, akaenda zake na chai hakuimaliza.

Ng'ambo aliporudi ndani alimkuta baba yake amekunja uso.

"Nani amekutuma kunitangaza?"

"Nimejituma."

Mzee akaguna. Akamaliza soli ya mtoto wa shule, akaiweka kando ikauke. Alikaa akitazama mlango, mikono magotini.

"Huko chuoni kwenu," alisema baadaye, "wanasemaje? Mtu akishaharibikiwa hivyo, anaanzia wapi?"

"Anaanza na jozi moja, baba. Iwe sawa pande zote. Nitampelekea yule mama, na nitamweleza ukweli wa ile ya kwanza."

"Atakubali?"

"Sijui."

"Walau safari hii hujakimbilia kusema ndiyo," alisema mzee. Akainuka, akaenda kwenye kona, akavuta ngozi moja na kuipangusa vumbi kwa kiganja. Ilikuwa bado nzuri. Akaitandaza mezani, akaweka kipande cha boksi sakafuni na kuchukua penseli.

"Simama hapa."

Ng'ambo alivua, akasimama. Mzee alipiga magoti, akauzungushia penseli mguu wa kulia polepole, akauinua na kuukagua mchoro. Ng'ambo akasogeza na wa kushoto, kama alivyozoea tangu utoto wake.

"Huo uondoe," alisema baba yake. "Huo si wa biashara."

Akaukata mchoro wa kulia, akauweka juu ya ngozi, akauchora. Kisha akaugeuza upande wa pili, akauchora tena kwa ajili ya kushoto, na kuchukua kisu.