Kigingi Kando ya Jiko Letu

Wiki iliyopita fundi mmoja alikuwa anapaka rangi nyekundu ukingo wa barabara, nje ya ofisi yetu hapa Tunduma. Ilipofika saa ya chakula akamimina mafuta ya taa kwenye kopo, akachovya kitambaa, akaanza kujisugua mikono. Mimi nilikuwa ndani najaza fomu za mzigo, na dereva amesimama mbele yangu ananung'unika kuhusu foleni. Harufu ile ya rangi mbichi na mafuta ya taa ikaingia dirishani. Nikaacha fomu, nikatoka mlango wa nyuma, nikasimama kando ya tangi la maji mpaka moyo ukatulia. Dereva alidhani nimekwenda kumwombea kwa bosi, akanishukuru sana niliporudi. Mimi ni mtu mzima, wakala wa forodha, nina watoto wawili wanaoniogopa kidogo, na bado harufu hiyo hunirudisha kwenye umri wa miaka tisa.

Ngoja nikusimulie, maana mpaka Jumamosi nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote.

Wageni wakija Tunduma huutafuta mpaka kwa macho. Wanatazamia mto, ukuta, au angalau waya. Wanauliza, "Zambia iko wapi?" na wakati huo wamesimama Zambia. Mtaani kwetu ng'ambo ilikuwa upande wa pili wa kamba ya kuanikia nguo. Sisi Wanamwanga tuko pande zote mbili, na mtu alikuwa anaweza kufiwa, kuoa na kukopa chumvi ng'ambo bila kuvaa viatu.

Mama yangu alikuwa na kibanda cha chakula, mabati juu, pembeni wazi. Alikiendesha pamoja na Bana Mutale, yaani mama yake Mutale, mwanamke wa upande wa Zambia ambaye mlango wake ulitazamana na wetu. Mama alileta mchele kutoka Msangano, shambani kwa kaka yake. Bana Mutale alileta unga mweupe wa kwao na kapenta, wale dagaa wakavu ambao harufu yao ilikaa kwenye nywele zetu hata Jumapili kanisani. Walitumia jiko moja la mkaa, na wateja walikaa kwenye benchi moja refu la mninga lililolala kuvuka mpaka. Dereva wa Kongo aliweza kukaa Zambia akanyoosha mkono kuchukua chumvi Tanzania, na hakuna aliyemwomba pasi.

Wanawake wale walitaniana kutwa nzima. Bana Mutale alisema sisi Watanzania tunakula wali kila siku kana kwamba kila siku kuna harusi. Mama alisema unga wa Zambia umekobolewa mpaka umebaki weupe mtupu, mtu anakula rangi. Mimi na Mutale, tuliokuwa rika moja, tulikaa chini ya benchi na kuwaiga. Nilikuwa nazipenda sauti zao zikipishana. Ndiyo maana nilijua mapema kuliko watu wengine siku zilipoacha kupishana.

Mwaka ule nchi hizi mbili zilinuniana. Mara mahindi yamezuiwa kuvuka upande huu, mara upande ule nao umejibu kwa kuzuia kitu kingine, na malori yamesimama mpaka nyasi zinaota kati ya matairi. Watu wazima walisikiliza redio wameinamisha vichwa. Kisha wakaja wapima ardhi, wa nchi zote mbili, wamevaa fulana za rangi ya chungwa, na vyombo vyao vya miguu mitatu na vigingi vya kuonyesha mstari. Walikuwa wanaufufua mpaka, walisema, kwa sababu alama za zamani zilikuwa zimepotea. Hapo ndipo hofu ilipoingia mtaani. Ilisemekana nyumba zitakazoangukia mstarini zitabomolewa. Ilisemekana atakayegusa kigingi atafungwa. Mutale aliniambia kwamba baada ya mpaka kufufuka, mtoto akivuka kwenda kucheza atapigwa risasi. Sijui alilitoa wapi jambo hilo, lakini nililiamini lote, na nilianza kukojoa kitandani tena baada ya miaka mitano ya heshima.

Kigingi chetu walikipigilia upande wa kusini wa kibanda, pale benchi lilipoishia. Kilikuwa kijiti tu, kirefu kama mkono wangu, kichwa chekundu. Lakini kwa kijiti hicho jiko lote na benchi lote vilikuwa Tanzania. Mwenyekiti wetu wa mtaa, mzee mnene aliyependa kushinda hata karata za watoto, akapiga makofi.

"Jiko limebaki nyumbani!" alisema.

Bana Mutale alikuwa anasonga ugali. Aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Kwa hiyo kesho nitaomba kibali cha kuwasha moto wangu mwenyewe?"

Mama akacheka, akitegemea kwamba ni utani kama siku zote. Bana Mutale hakucheka. Tangu saa hiyo mpaka wateja wa mwisho walipoondoka, sikusikia kitu jikoni zaidi ya vifuniko vya sufuria. Nakwambia, ukimya ule ulinitisha kuliko wanaume wote wa fulana za chungwa. Jioni Mutale akaniambia kupitia kamba ya nguo kwamba mama yake anafikiria kuhamisha sufuria zake, na kwamba yeye hataruhusiwa kuja kwetu tena.

Asubuhi iliyofuata wapima walipita mapema wakavipaka vigingi vyote rangi upya, wakaendelea mbele kuelekea stendi. Mama alikwenda bombani. Bana Mutale alikuja, akawasha moto, kisha akaingia nyumbani kwake kuchukua mkaa. Kibanda kikabaki na mimi peke yangu.

Nilikuwa na hesabu zangu. Benchi lilikuwa na hatua nne za miguu yangu. Kigingi kikiwa mwisho wa benchi, Bana Mutale hana kitu. Kikiwa katikati, hatua mbili zao, hatua mbili zetu, na hakuna wa kununa. Nilikitikisa, kikatoka kwa urahisi kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha. Nikahesabu hatua mbili, nikakipigilia kwa jiwe kando ya mguu wa katikati wa benchi. Nilirudi nyuma nikakitazama. Naona aibu kukiri, lakini nilijisikia mtu mkubwa sana, kama mwalimu wa zamu aliyegawa uji bila mtoto yeyote kulalamika.

Kisha nikaona mikono yangu. Ilikuwa myekundu mpaka kwenye vifundo. Nikaifuta kwenye gauni, na gauni likawa jekundu, na mikono ikabaki vilevile. Nilikimbilia ndani nikajificha nyuma ya gunia la mchele.

Mama aliporudi na ndoo alinikuta hapo.

"Umeshika nini?"

"Lori," nilisema. "Lile jekundu lililoegeshwa kwa fundi matairi."

Mama yangu alikuwa mtu wa kuchapa. Alinichapa kwa kikombe kilichovunjika, alinichapa kwa kujibu, siku moja alinichapa kwa kosa la Mutale kwa sababu Mutale alikuwa mbali. Siku ile hakunichapa. Aliniangalia, akatoka mpaka mlangoni, akatazama nje upande wa kibanda, akarudi. Alichukua chupa ya mafuta ya taa, akamwaga kwenye kitambaa, akanisugua mikono mpaka ngozi ikawaka moto na mimi nikalia. Alinivua gauni, akanivalisha sare ya shule ingawa shule ilikuwa imefungwa. Alisema gauni litakuwa matambara ya jikoni. Matambara hayo sikuyaona kamwe. Nami nilijisifu moyoni kwamba nimemdanganya mama vizuri.

Kelele zilianza saa nne. Mtu alipiga filimbi, kisha wengi wakawa wanaongea mara moja. Tulipotoka, mwenyekiti alikuwa amesimama juu ya benchi kwa viatu vyake anaonyesha kigingi.

"Wametumega! Wametumega mchana kweupe!"

Wanaume wetu waliojaa pale wengi wao hawakuwahi kumiliki hata bustani ya mchicha, lakini siku hiyo walipima zile hatua mbili kwa mikono na kutetemeka kwa hasira. Wanaume wa ng'ambo nao wakaja, wakasema ni sisi tuliokipigilia vibaya tangu mwanzo. Madereva walisimama na sahani mkononi. Jiwe likarushwa, sijui na nani, likagonga bati juu ya vichwa vyetu. Mutale alianza kulia. Polisi wawili wakaja kutoka kwetu, na wawili wakaja kutoka kwao, na wale wanne walitazamana kwa namna ambayo hata mimi wa miaka tisa nilielewa kwamba kuna kitu kibaya sana kinaweza kutokea kwa sababu yangu.

Mwenyekiti akamgeukia mama.

"Mama Enesi, wewe ndiye mwenye kibanda. Nani alikuwa hapa asubuhi?"

Mkono wa mama ulikuwa juu ya kichwa changu. Ulinuka mafuta ya taa. Niliusikia ukikaza nywele zangu.

"Mimi nilikuwa bombani," alisema mama. "Jikoni alikuwepo Bana Mutale."

Ilikuwa kweli tupu. Bana Mutale alikuwa ameshika ndoo ya mkaa, na nilimwona akiiweka chini taratibu bila kuacha kumtazama mama.

"Bana Enesi," alisema.

Polisi wa ng'ambo ndio waliomchukua, nadhani ili wa kwetu wasimchukue. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, naapa, na vidole vya mama vikakaza zaidi, nikaufunga. Alikaa huko siku mbili. Siku mbili hizo sikula. Kila mwenye sare aliyepita, hata mlinzi wa duka, nilijua amekuja kunichukua, na nikiitwa jina langu nilishtuka. Mutale alisimama upande wake wa kamba ya nguo ananiangalia tu. Mama alipika peke yake, akaunguza wali, yeye ambaye hakuwahi kuunguza wali.

Siku ya tatu wapima walirudi na chombo chao. Kijana mmoja akachungulia kwenye kioo, akanyoosha mkono, mwenzake akang'oa kigingi akakirudisha palepale kilipokuwa mwanzo. Chai waliyowekewa na mama ilikuwa haijachemka. Mwenyekiti akauliza kama hawatafanya uchunguzi. Kijana akashangaa.

"Uchunguzi wa nini, mzee? Vipimo tunavyo kwenye karatasi. Hata mngekichoma tungeleta kingine."

Bana Mutale aliachiwa mchana huo. Alibeba sufuria yake, mwiko wake na nusu gunia la unga, akapeleka nyumbani kwake. Kisha akarudi na msumeno. Aliuweka katikati ya benchi, kando ya ule mguu wa katikati, mahali ambapo mimi nilikuwa nimepigilia kigingi, akaanza kukata. Mninga ni mti mgumu, na benchi lilicheza. Mama akasogea, akalishika upande wetu kwa mikono miwili, akalikaza ili msumeno uende sawa. Walifanya kazi hiyo mpaka mwisho, wanawake wawili, vumbi jekundu la mti likiwaangukia miguuni. Halafu kila mmoja akabeba nusu yake.

Siku hizi nchi zile zimepatana vizuri sana. Maofisa wa Tanzania na wa Zambia wanakaa jengo moja, dirisha kwa dirisha, mmoja akikosa kalamu mwenzake anamwazima. Karatasi zangu zinapita kwa wote wawili kabla soda yangu haijaisha. Huwa nawatazama wanavyocheka pamoja, nakumbuka benchi.

Jumamosi baada ya yule fundi wa rangi, nilikwenda kwa mama. Anaishi palepale. Nusu ya benchi iko barazani, upande uliokatwa umewekewa matofali. Nilikaa juu yake, nikasema bila kuzunguka.

"Mama, kile kigingi nilikihamisha mimi."

Aliendelea kuchambua maharage.

"Rangi ya lori huwa imekauka, mwanangu."

Nilisubiri. Alichambua sinia zima kabla ya kuendelea. Alisema alikiona kigingi kabla ya kuiona mikono yangu, na gauni alilichoma. Walikuwa wametangaza kwamba atakayekigusa atafungwa, na hakuna aliyesema kama watoto wamo au hawamo, naye aliogopa kuuliza. "Ningesema sijui, wangeuliza nani mwingine alikuwepo," alisema. "Nikawapa mtu. Nilidhani watamwachia jioni."

Miaka yote hiyo niliamini kwamba siku ile niliogopa peke yangu. Niliutafsiri mkono ule kichwani mwangu kama mkono wa mtu mzima asiyejua kitu. Kumbe kati yetu wawili mimi ndiye niliyekuwa na hofu ndogo. Yangu iliisha walipomrudisha Bana Mutale. Ya mama ilianza hapo, kwa sababu ilimbidi aishi ng'ambo ya kamba ya nguo na mtu aliyemtoa kafara, kila siku, akimsikia akikohoa.

Bana Mutale yuko hai. Anauza mkaa karibu na stendi ya Nakonde, mji wa upande wa Zambia, na nikipita na makaratasi yangu huniuliza, "Mama hajambo?" Namwambia hajambo. Mama naye huniuliza jioni kama nimemwona.

Nilipoaga, mama alinipa mfuko wa mchele wa Msangano, umepepetwa vizuri.

"Mpelekee. Usimwambie kitu."

Nilikuwa nimefika barabarani aliponiita.

"Enesi! Mwambie."

Tangu Jumamosi hiyo nimevuka kwenda Nakonde kila siku ya kazi, siku nyingine mara tatu. Mfuko wa mchele uko chini ya meza yangu ofisini. Leo ni siku ya tano.